Ufichaji dhidi ya kamera za joto

Ufichaji dhidi ya kamera za joto ni jumla ya mbinu ambazo watu, wanyama na mitambo hutumia ili wasitambulike na vifaa vinavyoona mnururisho wa infraredi. Infraredi ni mnururisho wa sumakuumeme kama nuru ya kawaida, ila mawimbi yake ni marefu kuliko yale ya rangi nyekundu na jicho la binadamu haliyaoni. Kila kitu chenye halijoto iliyo juu ya sifuri halisi (-273 °C) hutoa mnururisho huo: jiwe, mti, ng'ombe, barafu, mtu aliyelala. Kwa sababu hiyo giza, ambalo tangu zamani lilikuwa maficho ya mwindaji, askari na mtoro, halimfichi mtu mbele ya kamera ya joto.

Mara nyingi ufichaji huu hueleweka vibaya, kana kwamba ni kazi ya kuliondoa joto la mwili. Hilo haliwezekani. Mwili ulio hai hutengeneza joto kila sekunde na ni lazima ulitoe nje. Kinachowezekana ni kulichelewesha joto hilo, kulielekeza upande mwingine, au kuufanya uso wa nje ufanane na vitu vilivyo nyuma yake. Takriban mbinu zote zinazotajwa hapa chini ni namna mojawapo ya hizo tatu, na kila moja ina gharama yake.

Namna kamera ya joto inavyoona

Infraredi iligunduliwa mwaka 1800 na mwanaastronomia William Herschel nchini Uingereza. Alipitisha nuru ya Jua katika prizimu ili igawanyike rangi kama upinde wa mvua, kisha akapima joto la kila rangi kwa kipimajoto. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana hapana nuru yoyote, kilipanda kuliko vingine vyote. Mtu yeyote anaweza kuihisi infraredi kwa kuukaribisha mkono ubavuni mwa jiko la mkaa: joto linalofika kwenye kiganja kabla hewa ya moto haijakifikia ni mnururisho huo.

Kuna makundi mawili ambayo ni lazima yatenganishwe, kwa maana ufichaji wake ni tofauti kabisa. Infraredi ya karibu, yenye mawimbi ya takriban mikromita 0.75 hadi 1.4, inafanya kazi kama nuru. Hutoka kwenye Jua, Mwezi, nyota au taa maalumu, hugonga kitu, kisha hurudi kwenye kamera. Infraredi ya mbali hutolewa na vitu vyenyewe kutokana na joto lao, na haihitaji taa. Hewa hupitisha vizuri mawimbi ya mikromita 3 hadi 5 na ya mikromita 8 hadi 14; sehemu kubwa ya mengine humezwa na mvuke wa maji na dioksidi kabonia. Kamera za joto hutengenezwa kwa ajili ya madirisha hayo mawili.

Kitu kikiwa na joto zaidi, mawimbi yake makuu huwa mafupi zaidi. Kanuni ya Wien inasema kwamba ukigawa 2898 kwa halijoto ya kitu katika kelvini, utapata urefu wa wimbi lenye nguvu zaidi katika mikromita. Ngozi ya mtu yenye 33 °C, yaani kelvini 306, hutoa zaidi kwenye mikromita 9.5. Ekzosi ya injini yenye kelvini 700 hutoa zaidi kwenye mikromita 4.1. Ndiyo maana makombora mengi yanayofuata joto la injini za ndege hutumia dirisha la kwanza, ilhali kamera nyingi za kutafutia watu hutumia la pili.

Kiasi cha mnururisho huongezeka kwa kasi kadiri halijoto inavyopanda (kanuni ya Stefan na Boltzmann). Kwa hesabu hiyo, ngozi ya 33 °C hutoa takriban wati 490 kwa kila mita mraba, na majani ya mti yenye 20 °C hutoa takriban wati 400. Mwanafunzi anapaswa kuzitazama namba hizo mbili kwa pamoja. Majani nayo yanang'aa sana! Kinachomfichua mtu ni zile wati 90 za tofauti, na kamera za kawaida zisizopozwa zinaweza kutambua tofauti ya halijoto iliyo ndogo kama 0.05 °C. Nguo nzito humsaidia mtu kwa kuwa uso wake wa nje una joto dogo kuliko ngozi, lakini kama uso huo umezidi mazingira kwa nyuzi mbili au tatu tu, picha yake bado itakuwa wazi.

Vitu vinavyozuia, kupitisha na kuakisi

Vitu haviko sawa katika kutoa infraredi hata vikiwa na halijoto moja. Uwezo huo hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1 inayoitwa emisiviti. Ngozi ya binadamu, ya rangi yoyote, ina takriban 0.98, maji 0.96, majani na udongo kwa kawaida huzidi 0.9. Alumini iliyong'arishwa ina karibu 0.05 tu. Kitu chenye emisiviti ndogo kisichopitisha mnururisho huwa kioo cha kujitazamia kwa macho ya infraredi: kamera haioni joto lake bali joto la kile kinachoakisiwa.

Hapo ndipo penye kosa linalorudiwa sana. Watu hudhani kwamba kujifunika karatasi ya alumini kunatosha. Karatasi hiyo kweli huzuia mnururisho wa mwili, lakini ikielekea juu huakisi anga, na anga isiyo na mawingu huonekana katika kamera kama kitu chenye nyuzi nyingi chini ya sifuri. Matokeo yake ni doa jeusi lenye baridi katikati ya ardhi ya vuguvugu, na doa la namna hiyo halitokei lenyewe porini. Mwangalizi mzoefu hulitambua upesi kama ambavyo angemtambua mtu mwenyewe.

Kioo cha dirisha, kinachopitisha nuru vizuri, huzuia infraredi ya mbali. Lenzi za kamera za joto hutengenezwa kwa jerimani badala ya kioo. Polithini nyembamba hufanya kinyume. Mfuko mweusi wa plastiki, ule ulioitwa rambo kabla ya kupigwa marufuku Kenya (2017) na Tanzania (2019), huficha mkono usionekane kwa macho, lakini kwenye kamera ya joto mkono ulio ndani huonekana na vidole vyake vyote. Jambo hili lilidhihirika mbele ya dunia tarehe 19 Aprili 2013 huko Watertown, Marekani. Mtuhumiwa wa milipuko ya mbio za marathoni za Boston alikuwa amejificha katika boti iliyoegeshwa nyuma ya nyumba na kufunikwa kwa plastiki. Kamera ya helikopta ya polisi ilionyesha umbo la mtu aliyelala ndani, na hata kujigeuza kwake.

Maji huzuia infraredi ya mbali kabisa, hata yakiwa na kina cha sehemu ya milimita. Aliyezama haonekani, lakini kichwa kikichomoza huonekana waziwazi. Matope yana sifa zilizochanganyika. Filamu ya Predator ya mwaka 1987 ilieneza imani kwamba mtu aliyejipaka matope hawezi kuonekana. Matope mabichi ni ya baridi, na maji yake yanapokuwa mvuke hupoza zaidi. Kwa hiyo kwa muda mfupi picha hufifia. Lakini emisiviti ya matope ni kubwa kama ya ngozi, na tabaka jembamba hupata joto la mwili ndani ya dakika chache. Shujaa wa filamu alihitaji kupakwa upya mara nyingi kuliko inavyoonyeshwa.

Imani nyingine ni kwamba kamera ya joto huona kupitia kuta. Haioni. Huona uso wa nje wa ukuta, na kama upande wa ndani una chanzo kikubwa cha joto, uso huo unaweza kuwa na vuguvugu kidogo.

Mandhari, saa na hali ya hewa

Kwa kuwa kamera hutafuta tofauti, mahali na saa vina uzito sawa na vazi. Mchana katika nchi za joto ardhi tupu iliyopigwa na Jua inaweza kufika 50 °C na zaidi, na mtu anayepita juu yake huonekana mweusi, yaani wa baridi kuliko ardhi. Usiku mambo hugeuka. Kati ya hali hizo mbili kuna vipindi viwili vifupi, kimoja baada ya mapambazuko na kingine karibu na machweo, ambapo vitu vingi hupitia halijoto moja na picha hupoteza utofauti. Vipindi hivyo haviji kwa dakika moja kwa kila kitu: majani membamba hupoa haraka, miamba mikubwa huchelewa sana. Mwamba ulioota jua kutwa huendelea kung'aa hadi usiku wa manane, na waangalizi wapya huudhania kuwa mnyama.

Mvua huosha tofauti za joto kwa kuvilowesha vitu vyote, na ukungu mzito hupunguza umbali wa kuona. Unyevunyevu wa hewa, kama ule wa pwani ya Afrika Mashariki, hufifisha kamera za mikromita 8 hadi 14 kuliko hewa kavu ya nyanda za juu au jangwani. Msitu ndio kizuizi kikubwa zaidi, kwa sababu rahisi kwamba majani mabichi huzuia infraredi ya mbali na yana halijoto iliyo karibu na ya hewa. Hata hivyo majani hayafuniki kila upenyo, na kamera iliyo juu inayosogea hupata vipande vya picha kupitia mianya mmoja baada ya mwingine.

Majani mabichi na rangi ya kijani

Katika infraredi ya karibu tatizo la mfichaji si joto bali rangi asiyoiona. Majani yenye afya huakisi takriban nusu ya infraredi ya karibu inayoyaangukia, ilhali nuru nyekundu huimeza kwa ajili ya klorofili. Rangi za kawaida za kijani, za kupaka au za kutia nguo, hazifanyi hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni ya Kodak ilitengeneza filamu maalumu ambayo majani hai yalitokea kwa rangi nyekundu, na nyavu zilizopakwa kijani zikatokea kwa rangi nyingine. Hema lililofichwa vizuri kwa macho ya rubani likawa wazi kwenye picha. Hata matawi halisi yaliyokatwa na kuwekwa juu ya gari hubadilika kadiri yanavyonyauka.

Tangu hapo nguo za kombati za majeshi mengi hutiwa rangi zilizochaguliwa ili ziakisi infraredi ya karibu kwa kiasi kinachokaribia kile cha majani na udongo. Kuna jambo moja ambalo askari wanaopenda nguo zilizonyooka hawalifurahii: kupiga kombati wanga, na kuifua kwa sabuni zenye viungo vya kung'arisha, huiharibu sifa hiyo. Nguo huonekana safi kwa macho, na usiku hung'aa kwenye darubini ya askari wa upande wa pili.

Historia katika vita

Mhungaria Kálmán Tihanyi alibuni kamera ya kielektroniki iliyohisi infraredi mwaka 1929 kwa ajili ya ulinzi wa anga nchini Uingereza. Mwaka 1945 Wajerumani walitumia kifaa cha kulengea usiku kilichoitwa Vampir, na Wamarekani walitumia bunduki zenye kifaa kama hicho katika mapigano ya kisiwa cha Okinawa. Vifaa hivyo vilikuwa na taa ya infraredi iliyomulika mbele. Udhaifu wake ni dhahiri: adui mwenye kifaa cha namna ileile huiona taa yenyewe kutoka mbali. Kamera za joto hazina udhaifu huo, kwa maana hupokea tu. Katika Vita vya Vietnam ndege za Marekani zilizitumia usiku kutafuta malori katika njia za msituni zilizojulikana kama njia ya Ho Chi Minh.

Tukio linaloeleza ufichaji wa joto kuliko yote ni la jangwa la Kuwait na kusini mwa Iraki mwaka 1991. Jeshi la Iraki lilikuwa limechimbia vifaru vyake mchangani hadi karibu na mnara wa bunduki, na vingine vilifunikwa nyavu. Kwa macho, na kwa uzoefu wa vita vya miaka minane dhidi ya Irani, ilikuwa kazi nzuri. Lakini mchanga na chuma havipoi kwa mwendo mmoja. Uso wa mchanga, ambao haupitishi joto vizuri, hupata moto haraka mchana na hupoa haraka Jua linapozama. Kifaru cha tani 40 hushika joto la mchana kwa saa nyingi. Marubani wa ndege za F-111F walikuwa wameliona jambo hili katika mazoezi ya usiku kabla ya vita kuanza: magari yaliyoegeshwa jangwani yalitokea kwenye kamera kama madoa angavu. Kuanzia Februari 1991 ndege hizo zilirudi kila usiku na kupiga kifaru kimoja kwa bomu moja lililoongozwa kwa leza. Inaelezwa kwamba askari wengi wa Iraki waliacha kulala karibu na vifaru vyao. Mchanga uliokusudiwa kuvificha ulikuwa umevipatia mandhari ya baridi, kama mtu aliyevaa nguo nyeupe na kusimama mbele ya ukuta mweusi.

Miaka minane baadaye huko Kosovo jeshi la Yugoslavia lilijaribu njia ya kinyume. Badala ya kuficha joto, lilitengeneza joto la uongo. Ziliripotiwa sanamu za vifaru na mizinga za mbao na plastiki, nyingine zikiwekewa jiko la kuni ili zing'ae kwenye kamera za ndege za NATO. Ni vigumu kutoipenda hesabu hiyo: jiko la bei ya chini lililipotezea bomu la maelfu ya dola.

Kwa injini, mbinu kuu ni kuchanganya moshi na hewa ya baridi kabla haujatoka. Helikopta ya Apache ina mabomba yaliyotengenezwa kwa kusudi hilo. Meli za kivita hufanya vivyo hivyo, na baadhi zinaweza kunyunyizia ubavu wake maji ya bahari ili halijoto yake ifanane na bahari iliyo nyuma.

Vifuniko vya kisasa

Nyavu za kisasa, kama zile za Barracuda zinazotengenezwa na kampuni ya Saab ya Uswidi, zina matabaka. Tabaka la nje lina madoa yenye emisiviti tofautitofauti, ili kifuniko kisionekane kama kipande kimoja cha baridi au cha moto bali kama mchanganyiko wa majani, kivuli na udongo. Wavu huachwa mbali kidogo na chombo ili hewa ipite katikati na kuchukua joto. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa. Wavu uliogusana na bamba la injini hupata moto na kuchora umbo la injini kwa nje.

Mwaka 2011 kampuni ya BAE Systems ilionyesha mfumo ulioitwa Adaptiv, uliobuniwa Uswidi. Ubavu wa kifaru ulifunikwa vigae vya pembe sita vinavyoweza kupashwa au kupozwa kwa umeme, kila kimoja peke yake. Kamera za kifaru husoma halijoto ya mandhari, na vigae huiga. Katika maonyesho kifaru kiliweza pia kuonekana kwenye kamera ya joto kama gari dogo la kawaida. Mfumo wa namna hiyo unahitaji umeme, na joto linaloondolewa kwenye kigae ni lazima litolewe mahali pengine.

Vita vya Ukraine, tangu 2022, vimeleta kamera za joto kwenye droni ndogo zinazozunguka juu ya mahandaki usiku kucha. Pande zote mbili hutumia mablanketi na makoti ya kuzuia infraredi. Picha zilizosambazwa na majeshi zimeonyesha mara kadhaa jambo lililoelezwa juu kuhusu alumini: askari waliojifunika wakitembea uwandani kama madoa meusi, ubaridi wao ukiwatofautisha na ardhi, huku miguu yenye joto ikitokeza chini ya kifuniko.

Wanyama

Asili ina wawindaji wanaoona joto. Chatu wana vishimo kwenye midomo vinavyohisi infraredi ya mawindo, na nyoka wa jamii ya kayamba wa Amerika wana kishimo kimoja kila upande kati ya jicho na pua. Moma na nyoka wengine wa jamii yake barani Afrika hawana vishimo hivyo.

Wanyama wenye damu baridi, kama mamba, nyoka na mijusi, hufuata halijoto ya mazingira yao. Usiku kamera inayoelekezwa ukingoni mwa mto inaweza kuonyesha kiboko kwa uwazi na kumpita mamba aliye karibu naye. Dubu wa barafu hufikia hali kama hiyo kwa njia nyingine: manyoya na mafuta yake huhifadhi joto vizuri kiasi kwamba uso wa nje hukaribia halijoto ya theluji, na kinachoonekana zaidi ni uso na pumzi yake. Tembo yuko upande wa pili kabisa. Mwili mkubwa una shida ya kutoa joto, na masikio yake yenye mishipa mingi ni madirisha ya kulitolea. Kwenye kamera masikio hayo huwaka na kufifia kadiri damu inavyoelekezwa huko.

Vyura kadhaa wa Amerika ya Kati na Kusini wanaolala juu ya majani mchana huakisi infraredi ya karibu kama majani yenyewe, jambo lililoripotiwa na wanasayansi mwaka 1977. Kuna pia mnyama anayejitangaza badala ya kujificha. Kindi wa ardhini wa Kalifornia, anapokabiliana na kayamba, hupunga mkia huku akiupasha joto kwa damu. Anapokabiliana na nyoka asiyehisi infraredi, hupunga mkia bila kuupasha.

Majangili na askari wa wanyamapori

Katika Afrika Mashariki kamera za joto zinajulikana zaidi kwa ulinzi wa wanyama. Zamani doria ya usiku ilitegemea tochi na taa za gari, ambazo jangili aliziona kutoka mbali, akalala chini hadi zipite. Mwaka 2016 shirika la WWF lilileta kamera za kampuni ya FLIR katika Maasai Mara nchini Kenya, zikiwemo za kufungwa juu ya gari. Kabla ya mwaka huo kwisha zaidi ya majangili 24 walikuwa wamekamatwa katika eneo la Mara Conservancy. Kamera nyingine zilipelekwa baadaye katika hifadhi za faru. Mwaka 2020 hakuna faru aliyeuawa na majangili nchini Kenya, kwa mara ya kwanza tangu 1999, ingawa kufungwa kwa mipaka wakati wa UVIKO-19 nako kulichangia.

Kamera zina mipaka yake. Mabonde, vichaka na majani marefu huzuia, na mchana wa joto kali huondoa faida kubwa. Zaidi ya hayo, kamera humwonyesha mtu bila kueleza ni nani: mchungaji anayetafuta ndama aliyepotea ana joto sawa na jangili. Kazi ya kuhakikisha hubaki kwa askari anayekwenda kwa miguu.

Hatari kwa mwili

Mwili wa mtu aliyetulia hutengeneza joto la takriban wati 100, na wa mtu anayetembea na mzigo wati 300 au zaidi. Vazi linalozuia infraredi kabisa, na likawa halipitishi jasho wala hewa, huliacha joto hilo ndani. Hesabu yake ni nyepesi. Kupandisha mwili wa kilo 70 kwa nyuzi moja kunahitaji takriban kilojuli 245. Kwa wati 100 nyuzi hiyo hufikiwa baada ya dakika 41. Kwa wati 300, baada ya dakika 14. Aliyefungiwa kabisa huku akitembea angetoka 37 °C hadi 40 °C, kiwango cha hatari ya maisha, ndani ya muda usiozidi saa moja. Vazi halisi huvuja kiasi, kwa hiyo mambo huenda polepole zaidi. Lakini kila kinachovuja ndicho kinachoonekana, na wabunifu wa mavazi haya hushindana na kizuizi hicho hadi leo. Mavazi mengi hutolewa kama vifuniko vya kulalia chini kwa muda mfupi, hayakusudiwi kuvaliwa safari nzima.

Waliopotea

Fizikia hiyohiyo huwahusu watu wanaotaka kuonekana. Blanketi la foili, lililotokana na kazi za NASA mwaka 1964, hubebwa na wapanda milima na waokoaji kwa sababu hurudisha joto la mwili na huzuia upepo. Mtu aliyepotea akijizungushia blanketi hilo kwa ukamilifu usiku, hupunguza sehemu kubwa ya mnururisho ambao kamera ya helikopta inautafuta. Blanketi halipaswi kuachwa kwa sababu hiyo, maana baridi ya mlimani huua kwanza. Mlio wa helikopta ukisikika, kinachosaidia ni kufunua uso, mikono na kifua, kutoka chini ya mti au mwamba, na kujisogeza, kwa kuwa jicho la mwangalizi hushika mwendo kabla ya umbo. Kundi lililokaa pamoja huonekana kwa urahisi kuliko mtu mmoja mmoja, na moto mdogo huonekana kuliko kundi. Mchana mambo hugeuka: foili ileile ikielekezwa kwenye Jua na kutikiswa hutoa mmweko unaoonekana kwa macho matupu kutoka kilomita kadhaa.